Nakisi Haikosi Mlipaji

Mwishoni mwa mwaka 1979 ujumbe wa Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, ulifika Msasani, nyumbani kwa Mwalimu Nyerere. Aliyekuwa akijadiliana nao kwa niaba ya Serikali ni Waziri wa Fedha, Edwin Mtei. Masharti ya mkopo yalijulikana: thamani ya shilingi ishushwe, mishahara isiongezwe, bei ziachiwe, riba ipande, Serikali ipunguze matumizi. Mwalimu akakataa. Kwa masimulizi ya Mtei mwenyewe, Rais alisema nchi yake haitaendeshwa kutoka Washington. Mtei, aliyeamini kwamba sehemu kubwa ya masharti yale haikwepeki, akaandika barua ya kujiuzulu, na Amir Jamal akarudishwa Hazina.

Siku ya Mwaka Mpya 1980, akizungumza na mabalozi, Mwalimu aliuliza tangu lini shirika lile limekuwa wizara ya fedha ya dunia nzima. Swali lile lilivuma Afrika nzima, na hadi leo lina wenyewe.

Ugomvi huo husimuliwa kama kisa cha watu wawili: mwana benki aliyejali hesabu na mjamaa aliyejali utu. Nimeufuata kurudi nyuma hadi Azimio la Arusha, kisha kuja mbele hadi kwenye tozo za simu, na kila kituo nimekuta jambo ambalo kisa hicho hulificha. Hapakuwa na mtu pale Msasani aliyebisha kwamba Serikali ilikuwa ikitumia kuliko inavyokusanya. Kilichogombaniwa ni nani ailipe tofauti hiyo.

Kutoka Arusha hadi Kyaka

Azimio la Arusha la 1967 lilionya waziwazi juu ya nchi maskini kuitegemea fedha kama silaha yake kuu ya maendeleo. Lakini ahadi zilizolifuata zilihitaji fedha, tena nyingi. Mwaka 1973 ada ya shule za msingi ilifutwa. Novemba 1974 chama, kikikutana Musoma, kiliamua kila mtoto wa umri wa shule aandikishwe ifikapo 1977. Zahanati zikajengwa, visima vikachimbwa, kisomo cha watu wazima kikaenea. Mwaka 1967 watu wazima waliojua kusoma walikuwa kama theluthi moja tu, na muongo mmoja baadaye takwimu za Serikali ziliwahesabu kuwa zaidi ya asilimia 70. Ukimuuliza aliyekuwa mtoto wa mkulima miaka hiyo, hatakuambia habari za nakisi. Atakuambia alikuwa wa kwanza kwao kushika kalamu.

Upande wa mapato, kodi ya mauzo ilianzishwa mwaka 1969, na mapato yaliegemea sana viwanda vichache: bia, sigara, nguo, sukari. Kila Juni, Waziri wa Fedha aliposimama kusoma bajeti, wenye maduka walikuwa wameshaficha sigara wakisubiri bei mpya, na walevi wameshajiandaa kisaikolojia.

Kwa muda mambo yalishikika. Julai 1975 baridi kali iliunguza mikahawa ya Brazili, na bei ya kahawa duniani ikaruka. Mwaka 1977 wauzaji wote walivuna, Kilimanjaro na Bukoba wakiwamo. Mwaka 1978 vikwazo vya kuagiza bidhaa kutoka nje vikalegezwa, tena kwa ushauri wa wakopeshaji haohao wa Washington. Bei ya kahawa ikashuka, uagizaji ukaendelea, na kufikia mwisho wa mwaka akiba ya fedha za kigeni ilikuwa imekauka. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka mmoja kabla, na Tanzania ikabidi ianze kujinunulia yenyewe ndege, mabehewa na mitambo ya simu.

Hapo ndipo njia hii inapofika Kyaka, kwenye Mto Kagera. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, na daraja la Kyaka likavunjwa. Mwalimu alilitangazia taifa kwamba uwezo, sababu na nia ya kumpiga vipo. Vilikuwepo kweli: tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ilitekwa. Wananchi walitoa ng'ombe, mahindi na magari, na wengi walitoa vijana wao. Gharama ya vita hukadiriwa kuwa dola milioni 500 hivi, na hakuna nchi iliyojitokeza kuichangia kwa kiasi cha maana. Mwaka huohuo bei ya mafuta ikapanda tena. Wageni walipofika Msasani, walimkuta mtu aliyetoka kushinda vita na kuletewa hati ya madai.

Hesabu ya kilo moja ya kahawa

Hoja ya Mwalimu haikuwa ukaidi mtupu. Mkahawa huchukua miaka kadhaa kabla haujazaa. Ukishusha thamani ya shilingi leo, hutavuna kahawa zaidi kesho. Ila dawa za hospitali, dizeli na vipuri vitapanda bei siku hiyohiyo. Kubana matumizi maana yake ni kumfungia nje ya darasa mtoto yuleyule aliyefunguliwa mlango juzi. Na kwa nini, aliuliza, nchi iliyopandishiwa bei ya mafuta na kushushiwa bei ya kahawa iadhibiwe kana kwamba ilifuja?

Hoja ya upande wa Mtei nayo ilikuwa na miguu. Tuichukue kahawa inayouzwa nje kwa dola moja kwa kilo. Dola ikiwa shilingi 8, kama ilivyokuwa wakati ule, kilo hiyo huleta nchini shilingi 8. Mamlaka ya zao inakata gharama zake, ushuru unakatwa, na mkulima anapokea kinachobaki, mara nyingi akiwa ameshikilia karatasi tu na malipo yako njiani. Vyama vya ushirika ambavyo vingemsemea vilikuwa vimevunjwa mwaka 1976. Wakati huo bei ya jembe, kanga na sabuni dukani ilikuwa ikipanda. Shilingi iliyokwezwa juu kuliko nguvu yake ilikuwa kodi juu ya mkulima, ingawa haikuitwa kodi na hakuna afisa aliyekwenda kuidai.

Mkulima akajibu kwa njia aliyokuwa nayo. Wengine walipanda migomba na mahindi, wengine walivusha magunia usiku kwenda Kenya. Korosho, ambayo msimu wa 1973/74 ilifikia tani 145,000 hivi, ilianguka hadi chini ya tani 40,000 katikati ya miaka ya 1980. Ugonjwa wa ubwiriunga ulichangia, na kuhamishiwa vijiji vya ujamaa kuliwatenga watu na mikorosho yao, lakini bei nayo ilichangia. Kila gunia lililopungua lilipunguza fedha za kigeni, na nakisi ikaongezeka.

Foleni

Serikali iliyokataa kushusha thamani ya shilingi, na isiyotaka kufunga shule, ilibaki na mlango mmoja: kukopa benki. Benki Kuu na Benki ya Taifa ya Biashara zilikuwa za umma, na Hazina ikachota. Mashirika ya umma yaliyopata hasara yalichota pia. Septemba 1980 makubaliano na IMF yalipatikana baada ya yote, lakini hayakudumu, kwani kikomo cha kukopa kilivukwa mapema. Fedha ziliongezeka mitaani na bidhaa hazikuongezeka. Mfumuko wa bei ukafika asilimia 30 na kuzidi.

Kwa mwenye mshahara, hesabu hiyo ilionekana dukani. Bei rasmi ya sukari ilikuwa nafuu. Shida ni kwamba sukari haikuwepo. Siku ilipoletwa, balozi wa nyumba kumi alikuwa na orodha ya kaya, na watu walikuwa wamepanga mawe tangu alfajiri, kila jiwe na mwenyewe, ili akienda kunyonyesha au kusaka maji nafasi isipotee. Aliyekosa alikwenda kwa mlanguzi na kununua kilekile kwa bei mara kadhaa. Ugali ulipikwa kwa unga wa mahindi ya njano ya msaada, na watu wakauita unga wa Yanga, kwa rangi ya jezi za klabu hiyo ya soka. Utani haukukosekana hata pale.

Machi 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine aliongoza msako wa wahujumu uchumi. Kwa hofu ya kupekuliwa, wako waliotupa vitenge na redio vichakani na baharini. Walanguzi walikuwepo, na baadhi yao walistahili walichokipata. Lakini ulanguzi ulizaliwa na pengo kati ya bei ya Serikali na bei ya kweli, na pengo halikamatiki kwa polisi.

Bajeti ya Juni 1984

Wanaosema Mwalimu hakugeuka hadi alipong'atuka waisome tena bajeti ya Juni 1984, iliyosomwa na Cleopa Msuya miezi miwili baada ya kifo cha Sokoine. Rais alikuwa bado ni Mwalimu. Shilingi ilishushwa hadi 17 kwa dola, ruzuku ya sembe ikaondolewa, na mwenye fedha zake za kigeni akaruhusiwa kuagiza bidhaa bila kuulizwa alizitoa wapi. Rafu za maduka zikaanza kujaa. Foleni ikapungua, si kwa sababu watu wamepata, bali kwa sababu bei sasa ndiyo iliyochagua nani anunue.

Novemba 1985 Ali Hassan Mwinyi aliapishwa kuwa Rais. Juni 1986 dola ilifika shilingi 40, na Agosti makubaliano na IMF yakatiwa saini. Mwaka 1990 dola ilikuwa karibu shilingi 195. Masharti aliyoyakataa Mwalimu yalitekelezwa karibu yote, kwa ukali kuliko yangekuwa mwaka 1979, maana jeraha lilikuwa limekaa. Huduma zikaanza kuchangiwa. Kodi ya maendeleo, ambayo wanakijiji waliiita kodi ya kichwa kama enzi za mkoloni, ilikuwa imesharudi, na mgambo wakawa wakiwasaka wanaume vilabuni na minadani. Mtu hakutoka nyumbani bila stakabadhi mfukoni. Asiye nayo alilala porini msimu wa msako, kama walivyofanya babu zake Wajerumani walipoanza kutoza rupia 3 kwa nyumba mwaka 1898.

Kodi hiyo ilikuwa sawa kwa mwenye ng'ombe 100 na asiye na kuku. Upande wa pili wa mizani, wafanyabiashara wakubwa walikuwa wakisamehewa kodi. Mwaka 1994 misamaha hiyo ilizidi hadi wafadhili wakasimamisha misaada, na Waziri wa Fedha, Kighoma Malima, akaondolewa wizarani. Hapa hapakuwa na ubishi wa ujamaa na ubepari. Walioweza kulipa walisamehewa, na wasioweza walikimbizwa na mgambo.

Rais aliyemfuata Mwinyi, Benjamin Mkapa, alijaribu kunyoosha. Mamlaka ya Mapato ilianza kazi Julai 1996, Serikali ikajifunga kutumia kile tu kilichokusanywa, na Kodi ya Ongezeko la Thamani ikaanza Julai 1998 kwa asilimia 20. Hospitali zilibanwa sana miaka hiyo, lakini mfumuko wa bei ulishuka hadi chini ya asilimia 10, na mwenye mshahara akaweza tena kupanga mwezi wake. Mwaka 2003 kodi ya maendeleo ikafutwa. Mgambo wakarudi kambini.

Tozo

Julai 2021 Serikali ilianza kutoza kila muamala wa kutuma na kutoa fedha kwa simu, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kulingana na kiasi. Sababu iliyotolewa ilikuwa njema: vituo vya afya, madarasa, barabara za vijijini. Kelele zilizopigwa zilikuwa kubwa kuliko za kodi yoyote ya miaka ya karibuni. Ndani ya miezi miwili tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30, na mwaka uliofuata ikapunguzwa tena.

Wako walioona katika kelele hizo ushahidi kwamba watu hawapendi kulipa. Kwa aliyeifuata njia hii tangu Arusha, mambo yanasomeka vingine. Nakisi ya miaka ya 1980 ililipwa na watu haohao, kwa kiasi kikubwa kuliko tozo: kwa kahawa iliyonunuliwa nusu bei, kwa mshahara ulioyeyuka kabla ya mwezi kwisha, kwa asubuhi zilizopotea nyuma ya jiwe. Hawakupiga kelele Bungeni kwa sababu malipo yale hayakupita Bungeni. Tozo ilionekana kwenye ujumbe wa simu, shilingi kwa shilingi, ikabishaniwa, ikashushwa. Huo ni uhai wa siasa, hata kama waziri alikosa usingizi.

Ibara ya 138 ya Katiba inasema kodi haitatozwa ila kwa sheria iliyotungwa na Bunge. Pale Msasani mwaka 1979 pande zote mbili ziliikwepa roho ya ibara hiyo. IMF ilitaka mzigo umwangukie mla sembe na mwenye mshahara kwa amri ya wataalamu, na Serikali ikaishia kuushusha juu yao na juu ya mkulima kwa njia ya benki, ikiamini inawalinda. Mwalimu alikuwa sahihi kwamba uamuzi haukuwa wa Washington. Mtei alikuwa sahihi kwamba ulipaswa kufanywa. Aliyekosekana mezani ni mlipaji, ambaye nakisi haijawahi kumkosa.

Dawa ya deni ni kulipa, tunasema, na usemi huo tunauelekeza kwa mdaiwa. Kila Juni bajeti inaposomwa, wabunge wana nafasi ya kuuelekeza kwingine pia: pengo likoje, litazibwa kwa mkopo wa nani, na kama ni kwa kodi, imsamehe nani na imkabe nani. Swali hilo likiulizwa kwa sauti mle ukumbini, jibu linaweza kuuma. Lisipoulizwa, litajibiwa dukani.