Jipu usoni kwa mtoto: kanda, usikamue

Jipu hutokea bakteria wanapoingia kwenye shina la unywele. Huanza kama kipele chekundu kinachouma, kisha huvimba na kutunga usaha.

Kwa nini usilikamue?
Mishipa ya damu ya eneo la pua na mdomo wa juu huungana na mishipa iliyo ndani ya fuvu. Ukikamua jipu hapo, maambukizi yanaweza kusambaa hadi kichwani. Hutokea mara chache, lakini huweza kuua.

Usipake vitu hivi
- Kitunguu saumu kilichopondwa: huunguza ngozi, hasa kikifungiwa kwa kitambaa.
- Limau au ndimu: ngozi ikipigwa na jua huweza kutoa malengelenge na kubaki na madoa meusi.
- Dawa ya meno: hukausha ngozi na kuiwasha.
- Unga wa kapsuli: haufikii usaha ulio ndani, na unaweza kuleta mzio.

Fanya hivi
1. Nawa mikono kwa sabuni.
2. Chovya kitambaa safi kwenye maji ya uvuguvugu. Kijaribu kwanza kwenye mkono wako, kisichome.
3. Kanda jipu kwa dakika 10 hadi 15, mara 3 au 4 kwa siku.
4. Likipasuka lenyewe, safisha kwa maji na sabuni, kisha lifunike kwa bandeji safi.
5. Mkate mtoto kucha. Taulo yake isitumiwe na mwingine.

Kama ngozi imeshaungua
Ondoa ulichopaka, kisha osha kwa maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, huku mwili wake ukiwa umefunikwa asipate baridi. Usipake kitu kingine juu yake. Kikiingia machoni au malengelenge yakitokea, nenda kituo cha afya.

Mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo ikiwa:
- ana umri wa chini ya miezi 2, hata kama ni vipele vidogo vya usaha;
- ana homa, au wekundu unasambaa;
- jipu liko karibu na jicho, puani au juu ya mdomo.

Jicho likivimba, au mtoto akiumwa sana kichwa, akikakamaa shingo au akilegea, usisubiri: hiyo ni dharura.

Mweleze mhudumu kila ulichopaka, hata kama ni dawa aliyokupa bibi. Hilo litamsaidia kuchagua tiba sahihi. Ukipewa antibiotiki, mtoto amalize dozi yote.