Mgeni Aombaye Jembe

Msafiri atokaye Dumila kwenda Kilosa, akiisha kuupita Msowero, na milima ya Ukaguru na Usagara ikiwa imemwandama upande wake wa kuume, na tambarare ya Mkata imejinyosha upande wa kushoto hata macho yachoke, huwasili Rudewa, mahali ambapo kwa hakika si kijiji kimoja bali ni vijiji ndugu, Batini, Mbuyuni na Gongoni, vilivyoshirikiana jina na mto. Ukimwuliza mpita njia wenyeji wa pale ni nani, atakujibu kwa haraka kuwa ni Wasagara na Wakaguru, na jawabu lake si la uongo. Lakini ukikaa barazani pa watu wazima kutwa moja, ukazisikiliza salamu na mizaha, utamkuta Mbena, Mngoni, Mnyamwezi na Mmakonde, kila mmoja na kisa cha babu aliyekuja kwa muda mfupi akasahau kurudi. Kwa hiyo habari ya bwana na bibi wa Ulaya, waliokwisha kustaafu kazi kwao, wakaacha nyumba yenye maji ya moto ili waje kukaa kijijini kwa hiari na bila ujira, ingawa huhadithiwa kama kioja cha siku hizi, mimi naiona kuwa ni ukurasa wa karibuni tu wa taarikh ndefu, nayo ni taarikh ya wageni wa bonde hili na namna walivyopokewa.

Njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe ilipita katika tambarare hii, na aliyeipita wakati wa masika hakuisahau. Stanley aliivuka mwaka 1871, akimtafuta Livingstone, na matope yakamla punda na mizigo. Miaka miwili baadaye ulipita msafara wa Cameron, na nyuma yake akaja mbio kijana mmoja, Robert Moffat, aliyeuza shamba lake la miwa huko Natal ili apate kushiriki katika kumtafuta yule yule Livingstone, mume wa shangazi yake. Homa ikamshika hapo Mkata, akafa, na kaburi lake likabaki bondeni. Ilhali mwezi ule ule wa Mei 1873 Livingstone mwenyewe alikuwa amekwisha kufa kijijini kwa Chitambo, na habari yake ingali njiani mabegani mwa watumishi wake. Sijui kama yuko mtu aliyemtangulia Moffat katika bonde hili kwa kujitolea kwa maana tuitumiayo leo, yaani kuacha chake kwa hiari kwa ajili ya jambo lisilomletea faida. Na yeye hata jambo lenyewe hakuliwahi.

Kisha walikuja watu wa dini. Wakatoliki wa Shirika la Roho Mtakatifu walipanda kutoka Bagamoyo wakajenga Mhonda mwaka 1877, na Waanglikana wa CMS, waliokwisha kutia nanga Mpwapwa, wakaweka kituo Mamboya, katika milima ya Ukaguru, ambako Bwana J. T. Last alikaa na mkewe mwanzoni mwa miaka ya 1880, naye bibi huyo akafia huko huko. Nawataja kwa sababu ni mtu na mkewe, na katika nchi yetu mgeni aliyekuja na mke husomeka upesi kuliko mgeni aliyekuja peke yake na bunduki.

Ama mgeni ambaye bonde hili halitamsahau alikuja mwaka 1884, kijana Mjerumani wa miaka 28, jina lake Karl Peters. Msovero, au Msowero kama tuandikavyo sasa, uko jirani na Rudewa, na hapo ndipo alipokaa Chifu Mangungo, ambaye jina lake kila mtoto wa shule Tanzania amelikariri. Tarehe 29 Novemba mwaka huo Peters alimfikia, wakapeana zawadi, wakaambiana maneno mema kwa kinywa cha mkalimani, na mwishowe ikatolewa karatasi iliyoandikwa kwa Kijerumani, yenye kichwa cha urafiki wa milele, na ndani yake imo nchi yote ya Mangungo pamoja na haki zake zote, inakabidhiwa kwa daima. Mangungo akatia alama yake. Haikutimia miezi mitatu, yaani tarehe 27 Februari 1885, Kaisari akatia muhuri wake juu ya karatasi hiyo na nyingine za namna yake, na Usagara ikawa ni mali ya watu ambao Mangungo hakuwaona wala hakuwasikia.

Hata leo, bungeni na magazetini, mkataba mbovu huitwa mkataba wa Mangungo, na kila aitajaye habari hiyo hutikisa kichwa kwa kumhurumia mzee yule au kumcheka. Mimi sipendi kicheko hicho. Mangungo alimpokea mgeni kwa adabu aliyofundishwa: alimkalisha, akamlisha, akakubali urafiki alioombwa, na akaitikia desturi ya mgeni ya kuchora juu ya karatasi kama vile mgeni alivyoitikia desturi yake yeye. Kama pana aliyevunja heshima ya baraza siku ile, si mwenye baraza. Lakini hasara ilikuwa ya mwenye baraza, na tangu hapo, mtu akija bondeni na kalamu, wazee hutaka kwanza kujua karatasi inasema nini.

Baada ya kalamu ikaja reli, ambayo ilifika Morogoro mwaka 1907 ikaendelea kupita Kimamba na Kilosa, na baada ya reli yakaja mashamba makubwa. Mkonge wenyewe ulikuwa mgeni: Daktari Hindorf aliuagiza kutoka Florida mwaka 1893, na katika miche elfu moja iliyosafirishwa ikafika hai 62 tu, na hiyo 62 ndiyo iliyozaa utajiri wa mkonge wa Tanganyika wa nusu karne iliyofuata. Pande za Kilosa yalianza mashamba ya Wajerumani, na pamba ikajaribiwa sana. Vita vya kwanza vilipokwisha wakaja Wagiriki, Waingereza na Wahindi, na mistari ya mkonge ikanyoshwa Kimamba na Rudewa kama nywele zilizochanwa.

Kazi hiyo wenyeji hawakuitaka, nao walikuwa na haki ya kutoitaka, kwa kuwa wana mashamba yao. Hivyo wakaletwa watu wa mbali. Mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha ofisi yao ya kuandikisha vibarua, ikaitwa Silabu, na malori na mabehewa yakawa yanashusha watu kutoka Njombe, Songea, Tabora, Kigoma hata Msumbiji, kila mtu na namba yake, ndipo wakaitwa manamba. Mkata mkonge alitoka alfajiri na umande, akaikata ncha ya mwiba kwanza isimchome jicho, kisha akalikata jani shinani, akafunga mizigo ya majani thelathini thelathini, akaipanga kando ya reli ndogo ya trole; maji ya jani yakimwagika mkononi huwasha kama upupu, na mikono ya mkata mkonge wa zamani utaitambua hata akiwa amekaa kimya msikitini. Siku aliyomaliza kazi yake ilitiwa alama katika kipande, na kipande kilikuwa na siku 30. Siku aliyoshindwa kumaliza haikuandikwa, ikawa kana kwamba hakuamka.

Jambo linalonistaajabisha ni kwamba watu hawa, walioletwa kwa hesabu, hawakukaa kwa hesabu. Kambini waliuhuisha utani: Mngoni akawa mtani wa huyu, Mnyamwezi akawa mtani wa yule, na mtu akifa mbali na kwao, watani ndio waliomwosha, wakamzika, na kumtania katika jeneza lake. Waliokuja wakiwa na namba wakageuka kuwa na wajomba.

Mwaka 1964 Tanganyika ilitoa mkonge zaidi ya tani 230,000, na haikupata kufika hapo tena. Kamba za nailoni zikavunja bei, mashamba mengi yakataifishwa mwaka 1967, na baada ya miaka si mingi baadhi ya mistari ikamezwa na pori. Vijana wakaondoka. Waliobaki ni wazee, manamba wa zamani na wake zao, ambao hawakupata kiinua mgongo cha maana wala hawakuwa na nauli ya kurudi, na ambao kwa kweli hawakuwa tena na pa kurudi. Hawa nao ni wastaafu waliokuja kutoka mbali kuishi Rudewa. Nasisitiza neno hili kwa sababu tutalihitaji.

Wala si kila mgeni alipata wajomba. Wafugaji wa Kiparakuyo na ng'ombe wao wamekuwa katika wilaya hii kwa muda mrefu, na ugomvi wa malisho, maji na mashamba ulikomaa mwaka hadi mwaka, huku wenye mamlaka wakichelewa kuamua mipaka, mpaka tarehe 8 Desemba 2000, siku ambayo watu 38 waliuawa Rudewa Mbuyuni. Aandikaye juu ya ukarimu wa mahali hapa asiyeitaja siku hiyo anaandika hekaya.

Sasa tuwarudie wale wazee wa Ulaya. Kujitolea ng'ambo, kama desturi yenye ofisi na fomu, kulianza kwa vijana. Waingereza walipoanzisha shirika lao la VSO mwaka 1958 waliwatuma watoto wa miaka 18 waliotoka shule juzi. Wamarekani wa Peace Corps waliwasili Dar es Salaam miezi michache kabla ya uhuru wa 1961, wapimaji wa barabara na wataalamu wa miamba. Wachache walikuja na jamaa zao wakakaa kweli kweli: Ralph Ibbott, Mwingereza, aliishi Litowa, Songea, na mkewe Noreen na watoto wao tangu mwaka 1963, wakila walichokula wanakijiji, mpaka umoja wa vijiji vya Ruvuma ulipopigwa marufuku mwaka 1969. Wastaafu walikuja baadaye. Waholanzi waliunda chama chao cha wataalamu wastaafu, PUM, mwaka 1978, na Wajerumani wakafuata na SES mwaka 1983. Na hata Peace Corps, iliyosifiwa kwa ujana wake, haina umri wa mwisho. Kule kwao watu wanaishi miaka mingi baada ya kuacha kazi, watoto wamekwisha kuhama, nyumba ina mwangwi, na mtu aliyefundisha au kuuguza kwa miaka arobaini hajui afanye nini na mikono yake siku ya Jumatatu.

Kijijini jambo hilo halieleweki kwa upesi. Kwetu mstaafu hurudi nyumbani, si kwamba huondoka nyumbani. Kwa hiyo bwana na bibi hawa, siku zao za kwanza, huonewa huruma kuliko wanavyodhani: akina mama huulizana kwa sauti ya chini watoto wao wako wapi, na ni nani awachotee maji, na yamkini wametupwa. Watoto wa jirani humwamkia bibi shikamoo, naye kwa kutaka adabu huwarudishia shikamoo ile ile, nao hukimbia wakicheka hadi nyuma ya nyumba; hupita wiki kabla marahaba haijamkaa kinywani. Bwana naye huomba jembe. Hapo ndipo methali yetu ya mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, inapogeuka kichwa chini, kwa sababu siku ya tatu wenyeji hawajampa, wanaona haya kumpa mtu mwenye mvi, na yeye anadai. Akipewa, hulipigia ardhi kama apigaye nyoka, na kabla jua halijapanda ameketi chini ya mwembe akihema. Ajuza mmoja, pengine mjane wa manamba, hulitwaa bila neno, hulinyanyua mpaka usawa wa bega tu na kuliachia lianguke kwa uzito wake, na ardhi ile nyeusi hufunguka. Mzee hutazama. Somo hilo hatalikuta katika fomu yoyote aliyojaza.

Sitaki kuwapamba. Wako waliokuja kufundisha kilimo watu waliolima tangu kuzaliwa, na ziko pampu zilizofungwa kwa sherehe zikafa kwa kukosa kipuri siku mfungaji alipopanda ndege. Lakini mzee ana jambo moja ambalo kijana hana: hakuja kujitafutia jina la kwenda kulitumia kwao, maana maisha yake ya kazi yamekwisha kuandikwa. Hana haraka, anaweza kukaa. Na katika baraza za Rudewa, ambako manamba wa zamani wamekaa kwa miaka hamsini wakiangalia wageni wengine wakija na kuondoka, kukaa ni kipaji. Wazee hao wa pande mbili, mmoja aliyeletwa kwa namba na mwingine aliyejileta kwa tiketi, hukutana chini ya mti wakiwa hawana lugha ya pamoja ila habari za magoti yanayouma.

Ila kabla ya haya yote, kabla ya jembe na kabla ya marahaba, mgeni hupelekwa kwanza kwa mtendaji, katika ofisi ya serikali ya kijiji, ambako juu ya meza pana daftari kubwa la wageni, lililopigwa mistari kwa rula: tarehe, jina, atokako, madhumuni, sahihi. Kitabu ni cha kijiji, kimeandikwa kwa Kiswahili, nacho hakitoki ofisini. Msovero ya Mangungo iko kaskazini mwa meza hiyo, wala si mbali. Bwana huandika, bibi huandika chini yake, na wakifika penye madhumuni hukwama, wakainua macho; na mtendaji, kama afanyavyo kwa wote, huwaelekeza waandike kama walivyoandika wa juu yao: kusalimia.