Mbuyu Ulivyoingia Ukoo wa Bamia

Hadi miaka ya 1990, vitabu vingi vya botania viliutenga mbuyu na bamia. Mbuyu na msufi ilikuwa katika familia ya Bombacaceae, bamia na pamba katika Malvaceae, kakao katika Sterculiaceae, na mlenda katika Tiliaceae. Leo wanabotania wengi wanaiweka yote katika Malvaceae. Uamuzi huo ulitanguliwa na mjadala wa zaidi ya karne mbili: mimea ikiitwa ya familia moja, imeunganishwa na nini?

Mwaka 1753 Carl Linnaeus, Msweden, aliipanga mimea hasa kwa kuhesabu stameni za ua. Njia yake ilikuwa rahisi, lakini iliikusanya pamoja mimea isiyohusiana. Michel Adanson, Mfaransa aliyeishi Senegal na ambaye jina la kisayansi la mbuyu, Adansonia digitata, linamuenzi, alipinga. Katika kazi aliyoanza kuichapisha 1763, alidai sifa nyingi za mmea zitazamwe kwa pamoja. Mwaka 1789 Antoine-Laurent de Jussieu aliimarisha mpangilio wa familia, na mwaka 1822 Mjerumani Carl Kunth akaitenga Bombacaceae.

Mipaka hiyo haikutulia. Mimea ya familia zote nne ina utelezi, nyuzi ngumu kwenye gome, na mara nyingi vinyweleo vyenye umbo la nyota. Tofauti zilizotegemewa, kama muundo wa vifuko vya chavua, hazikutosha kuitenganisha kila mara.

Ndipo DNA ikaingia. Mwaka 1993 Mark Chase na wenzake walilinganisha jeni moja ya kloroplasti katika takriban spishi 500 za mimea ya mbegu. Mwaka 1998 kundi la kimataifa la wanabotania, APG, likatoa mpangilio mpya likifuata kanuni moja: familia ijumuishe mzazi wa kale na wazao wake wote, asiachwe hata mmoja.

Kwa kanuni hiyo, familia za zamani zilivunjika. Kakao ilionekana kuwa karibu zaidi na mlenda kuliko mkola, ingawa kakao na mkola zilikuwa pamoja katika Sterculiaceae. Mbuyu nao ulikuwa jirani wa karibu wa pamba na bamia. Kuziunganisha familia zote nne kulikuwa njia iliyo wazi.

Faida yake inaonekana shambani. Wadudu wekundu wanaonyonya mbegu za pamba na kutia madoa nyuzi zake huzaliana pia kwenye mbuyu na msufi. Huko Afrika Magharibi, virusi vinavyovimbisha matawi ya mkakao hukaa pia katika mibuyu na misufi. Anayejua undugu huu anajua pia pa kuutafuta ugonjwa kabla haujafika kwenye zao.

Si wote waliokubali. Baadhi ya wataalamu wanaona afadhali kuigawa Malvaceae katika familia ndogo zaidi, na kanuni ya ukoo inaruhusu hilo pia, mradi kila kipande kiwe na wazao wote wa mzazi mmoja. Lebo za makumbusho ya mimea hulazimika kuandikwa upya, na wanafunzi hujifunza majina mapya. Hata hivyo gharama hiyo inastahili kulipwa. Jina la familia linalofuata nasaba humwambia mkulima, mganga na mtafiti jambo la kweli kuhusu mmea ambao bado hawajauchunguza.