Po Klong Garai

Po Klong Garai ni mahekalu ya matofali mekundu yaliyo juu ya kilima cha Trầu, nje kidogo ya Phan Rang, kusini mwa pwani ya kati ya Vietnam. Aliyeyajenga ni Jaya Simhavarman III, mfalme wa Champa, dola ya Wacham, mwishoni mwa karne ya 13 na mwanzoni mwa karne ya 14. Wavietnam humwita Chế Mân, na humkumbuka zaidi kwa ndoa yake ya mwaka 1306 na Huyền Trân, binti wa kifalme wa Đại Việt (dola ya Wavietnam wakati huo), ambayo mahari yake ilikuwa majimbo mawili ya Champa.

Anayeheshimiwa hapa, hata hivyo, ni mfalme wa zamani zaidi, Po Klong Garai. Masimulizi ya Wacham yanasema alikuwa mtoto mwenye ukoma, akapona, akatawala, kisha akawafundisha watu kuziba mito na kuchimba mifereji. Eneo hili ndilo kame kuliko yote nchini Vietnam, na bwawa la Nha Trinh linalomwagilia mashamba yake ya mpunga linahesabiwa kuwa kazi yake. Ndiyo maana wakulima hawajamsahau.

Majengo yaliyosalia ni matatu: lango, nyumba ya moto yenye paa lililopinda kama mashua, na mnara mkuu wenye urefu wa mita 20 hivi. Matofali yamebanana kiasi kwamba udongo wa kuyaunganisha hauonekani. Juu ya mlango wa mnara mungu wa Kihindu Shiva anacheza ngoma kwa mikono sita. Kwenye miimo yake pamechongwa maandishi ya Kicham. Ndani yumo Nandi, fahali wa Shiva, aliyechongwa kwa jiwe, na nyuma yake linga, yaani nguzo ya Shiva, lenye uso wa mfalme.

Minara mingi ya Champa leo ni magofu tu. Huu ungali nyumba ya ibada, na hapo ndipo ulipo ukuu wake. Katika sikukuu ya Kate, siku ya kwanza ya mwezi wa saba wa kalenda ya Kicham, ambayo huangukia karibu na Oktoba, mavazi ya mfalme hupandishwa kilimani kwa maandamano. Makuhani hufungua mlango, huliosha linga hilo na kulivisha, huku ngoma na zumari zikilia nje. Mgeni anakaribishwa kutazama, lakini awapishe kwanza waliokuja kuomba.