Kontena Limekwama, na Kila Afisi Inasema "Kwetu Tumemaliza"

Uliza pale Kilindini kwa nini kontena la mtu limekaa wiki nzima. Afisi ya kwanza: "Kwetu tumemaliza." Ya pili: "Kwetu tumemaliza." Ya tatu nayo hivyo hivyo. Kinachoudhi ni kwamba wote wanaweza kuwa wanasema kweli. Ukitaka kujua inawezekanaje, soma historia ya bandari yetu, kisha utazame mchoro wa Mjerumani mmoja ambao sijui kwa nini hatufundishwi shuleni.

Tuanzie Mji wa Kale. Majahazi yalikuja na kaskazi kutoka Arabuni, Ghuba na Bara Hindi, yakatia nanga Bandari ya Kale, yakarudi na kusi. Seyyid Said alipowang'oa Wamazrui Mombasa mwaka 1837, mji ukaingia chini ya Zanzibar, ambako ushuru ulikuwa unakodishwa: Sultani anampa mfanyabiashara haki ya kukusanya, naye analipa kiasi walichopatana. Nyumba ya Jairam Shivji, Wahindi wa Kutch waliokaa Zanzibar, ndiyo iliyotamba kwa kazi hiyo. Siusifu utaratibu huo, jamani. Biashara yenyewe ilikuwa pamoja na pembe na watumwa. Lakini nahodha alijua mlango wa ushuru ni mmoja na wa kuongea naye ni nani.

Reli ikaanza kujengwa kutoka hapa kisiwani 1896, meli kubwa zikataka kina kirefu, na biashara kubwa ikahamia upande wa pili, Kilindini. Mikono nayo ikazidi. KEBS ya viwango, 1974. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977, mwaka uliofuata tukapata KPA. KRA ikaja 1995. Ongeza kampuni za meli, mawakala wa forodha, benki, reli, wenye malori. Kila mmoja na daftari lake, kila mmoja na saa yake.

Sasa yule Mjerumani. Carl Adam Petri aliandika tasnifu yake mwaka 1962 kuhusu mashine zinazowasiliana bila saa moja ya kuziongoza zote. Neti yake unaichora kwa kalamu tu. Duara ni hali, tuseme "hati imefika". Kitaalamu linaitwa mahali. Kiboksi ni tendo, kama "piga muhuri". Mishale inaunganisha. Ndani ya maduara mna tokeni (si za stima!), yaani vidoti tu. Na sheria ni hii: kiboksi hakifanyi kazi mpaka kila duara linalokilisha liwe na tokeni. Kikifanya, kinazila hizo na kutoa nyingine mbele yake.

Haya, chora kontena likitoka getini. Kiboksi cha "fungua geti" kinataka ushuru uwe umelipwa, kampuni ya meli iwe imeuachilia mzigo, ada za bandari ziwe zimelipwa, na ukaguzi uwe umepita. Tokeni tatu zipo, moja haipo? Geti halifunguki, na ada ya kuhifadhi mzigo inaweza kuanza kupanda.

Miaka ya 1990 Mholanzi Wil van der Aalst akaitumia neti hii kupimia kazi za afisini. Mtihani wake: kazi ikishaanza, je, siku zote inaweza kufika mwisho, bila tokeni iliyosahaulika njiani? Sasa sikiza. Neti ya kila taasisi inaweza kufaulu ikiwa peke yake, halafu ukiziunganisha zikafeli zote. Afisi A haitoi hati mpaka ione ya B. B nayo inangoja ya A. Kila mmoja ana utaratibu safi kabisa, na mzigo hauendi popote.

Ndivyo ninavyousoma mfumo wa TradeNet wa KenTrade, uliozinduliwa rasmi 2014: jaribio la kurudisha mlango mmoja, badala ya kijana kukimbia na faili kaunta hadi kaunta. Mwaka huo huo wadau wakatia saini Mkataba wa Jumuiya ya Bandari, wakiahidi muda wa kumaliza kazi zao. Wazo zuri. Ila hati mbili zinazongojeana ukiziweka kwenye kompyuta zitaendelea kungojeana, tofauti ni kwamba sasa unaziona kwenye skrini.

Na neti yenyewe ina upofu wake, sisi watu wa Mombasa tumeuonja. Agosti 2019 likatoka agizo kwamba mizigo ya Nairobi na bara ipande SGR, ikaondoshewe huko Nairobi. Kwenye mchoro hakuna kilichobadilika: maduara yale yale, mishale ile ile. Duara linaitwa mahali lakini halikwambii ni wapi! Chini kwenye lami, duara moja lilikuwa linabeba mawakala, yadi za makontena, madereva, makanika na mama wa chapati wa Changamwe. Watu wakaandamana Jumatatu baada ya Jumatatu. Agizo likasitishwa, na Novemba 2020 Mahakama Kuu hapa Mombasa ikasema linakiuka Katiba. Septemba 2022, siku ya kuapishwa kwake, Rais Ruto akaagiza shughuli za kuondosha mizigo zirudi Mombasa.

Mimi ningetaka neti nzima ya bandari ichorwe ukutani, pale tunapopita sote: kila afisi rangi yake, na ndani ya kila duara liandikwe jina la mji.