Disketi za Mjomba

Ya kale ni dhahabu, walisema wazee. Lakini sisi wa Didia na jirani zetu wa Geita tunajua kwamba dhahabu haiji yenyewe mkononi, huchimbwa. Hata mchanga uliokwisha kuoshwa, yale marudio, watu huurudia wakapata chochote.

Nayakumbuka hayo kila nikizitazama disketi za mjomba. Mwaka 1994 alichapa humo masimulizi ya wazee wa kijiji kwa programu ya WordPerfect. Wazee wenyewe wote wametangulia. Nilipozipeleka kwa fundi mmoja mjini, akacheka: "Dogo, hizi tupa tu!"

Nitupe? Hebu turudi nyuma kidogo, ndugu msomaji. Kompyuta ya kwanza ya Tanzania, ICT 1500, ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuziingiza nchini, baada ya mfumo wa hesabu zake kuvurugika na kutia hasara. Marufuku hiyo ilipolegea, zikaja mashine ndogo za mezani, zile za DOS. Ndiyo maana maandishi ya miaka ile yamelala ndani ya programu za aina hiyo.

Sasa shida iko wapi? Programu za DOS ziliandikwa kwa prosesa za biti 16. Windows ya biti 64 haizipokei kabisa, na Windows 11 ya mwaka 2021 haina toleo jingine ila hilo. Ni sawa na bibi kaja mjini kuongea Kisukuma, kumbe mkalimani wake keshafukuzwa nyumbani.

Dawa ni kumrudisha mkalimani. Mwaka 2002 ilitoka DOSBox, programu ya bure inayoigiza kompyuta ya zamani ndani ya mpya. Nikaazima kisoma disketi cha kuchomeka kwenye USB, nikanakili mafaili pamoja na WordPerfect yenyewe, nikaandika amri moja: mount c c:\zamani. Nikaita programu. Skrini ikawa ya buluu, na maneno ya wazee yakatokea kama mjomba alivyoyaacha.

Disketi zilikuwa nne. Tatu zilisomeka. Ya nne ilikwishaoza, nayo ndiyo iliyokuwa na masimulizi ya bibi yangu. Hapo hakuna DOSBox itakayosaidia.

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Imeshazeeka, lakini mafaili yake bado hufunguka kwa LibreOffice, kwa sababu muundo wake haukuwa siri ya mtu.

Basi, wenzangu mnaoota riwaya, andikeni kwa muundo ulio wazi, mnakili mahali pawili, na mkumbuke kunakili tena. Mjomba alidhani kahifadhi. Kumbe alikuwa kaweka tu.