Mbachao na Msala Upitao: Historia ya Lenzi za Vihisi Vidogo katika Kamera za Fremu Kamili na Nafasi Yake katika Picha za Same na Upare

IKISIRI

Makala haya yanachunguza historia ya kutumia lenzi zilizoundwa kwa ajili ya kamera za vihisi vidogo katika kamera mpya za fremu kamili zisizo na kioo cha kuakisi. Uchunguzi unafanywa kwa kurejelea Wilaya ya Same na Milima ya Upare, ambako picha zimekuwa zikipigwa tangu enzi za wamisionari wa Kijerumani. Hoja kuu ni kwamba lenzi ya zamani haiiharibu picha bali huipunguza, na kwamba upungufu huo unapimika. Kwa kuwa unapimika, mpiga picha anaweza kuuamua kwa hiari yake, na mwanahistoria wa baadaye anaweza kuusoma, ilimradi kumbukumbu za picha zimehifadhiwa.

1.0 Utangulizi

Isaria Kimambo alipoandika historia ya kisiasa ya Wapare, kitabu kilichochapishwa mwaka 1969, aliegemea kwa kiasi kikubwa masimulizi ya wazee. Kazi hiyo iliwafundisha wasomi waliomfuata kuyahoji masimulizi: nani alisimulia, alikuwa wa ukoo gani, na alisimulia kwa manufaa ya nani. Picha nayo ni chanzo cha historia, na inastahili kuhojiwa vivyo hivyo. Ilipigwa kutoka wapi? Kwa lenzi gani? Je, kilichoachwa nje ya ukingo wake kiliachwa na mpiga picha au na chombo chake?

Maswali hayo yana uzito leo kwa sababu ya mabadiliko ya vifaa. Mpiga picha wa mji wa wilaya kama Same, anayeishi kwa kazi za harusi, kipaimara na mahafali, aghalabu huanza na kamera ya kihisi kidogo pamoja na lenzi mbili au tatu. Anapojaliwa kununua kamera ya fremu kamili, fedha huishia kwenye kamera yenyewe. Lenzi mpya zinazostahiki kamera hiyo huweza kugharimu zaidi ya kamera. Hivyo basi huuliza swali ambalo kila kizazi cha wapiga picha kimeuliza: je, zile za zamani zitafaa? Jibu lake linagusa riziki yake, na linagusa pia hazina ya picha ambayo wilaya itakuwa nayo miaka 50 ijayo.

2.0 Kutoka Sahani za Kioo hadi Milimita 35

Msingi wa jambo lote ni mmoja. Lenzi hutupa nyuma yake duara la mwanga, na chombo kinachopokea mwanga huo hukata mstatili ndani ya duara. Duara likiwa kubwa kuliko mstatili, picha hujaa. Duara likiwa dogo, pembe za picha huwa na giza.

Misheni ya Kilutheri ya Leipzig ilifika Kilimanjaro mwaka 1893, ikafungua kituo cha Shigatini, Upare Kaskazini, mwaka 1900. Waadventista Wasabato walianza kazi Upare Kusini mwaka 1903. Reli iliyotoka Tanga ilipita Same ikafika Moshi mwaka 1911, na tangu hapo mizigo, zikiwamo kamera na kemikali za kusafishia picha, haikuhitaji tena kubebwa na wapagazi kutoka pwani. Kamera za zama hizo kwa kawaida zilitumia sahani za kioo zilizopakwa dawa. Vipimo vya sentimita 9 kwa 12 na 13 kwa 18 vilikuwa vya kawaida katika kamera za Kijerumani. Kila kipimo kilidai lenzi yenye duara la kukitosha.

Mwaka 1925, katika maonyesho ya biashara ya mji uleule wa Leipzig, kampuni ya Ernst Leitz ilizindua kamera ya Leica, iliyotumia filamu ya sinema ya milimita 35 na kutoa picha ya milimita 24 kwa 36. Katikati ya muongo huohuo, wamisionari wa Leipzig waliruhusiwa kurejea Tanganyika baada ya kufukuzwa kufuatia vita. Miongoni mwao alikuwa Wilhelm Guth, ambaye picha zake za Upare ni sehemu ya hazina ya misheni hiyo ambayo leo inaweza kutazamwa kwa njia ya intaneti.

Mstatili wa milimita 24 kwa 36, uliozaliwa kwa sababu filamu ya sinema ilikuwa rahisi kupatikana, ndio uliogeuka kuwa kipimo cha dunia nzima. Neno "fremu kamili" halina maana nyingine zaidi ya huo. Ukamilifu wake umetokana na mazoea. Mbele ya sahani ya sentimita 13 kwa 18 ulikuwa kitu kidogo sana.

3.0 Kuzaliwa kwa Kihisi Kidogo

Kamera za dijitali zilipoingia sokoni, tatizo lilikuwa silikoni. Kihisi chenye ukubwa wa filamu ya milimita 35 kilikuwa ghali mno kutengeneza, kwa kuwa kipande kikubwa cha silikoni kina nafasi kubwa zaidi ya kuwa na dosari. Nikon D1 ya mwaka 1999 ilitumia kihisi cha takribani milimita 23.7 kwa 15.6. Hata hivyo, ilipokea lenzi za filamu, kwani kampuni hiyo ilikuwa imeshika kiungio kilekile cha lenzi tangu mwaka 1959. Huu ulikuwa mgeuko wa kwanza: lenzi kubwa juu ya kihisi kidogo. Lenzi ya milimita 300 ilionyesha eneo ambalo katika filamu lingeonyeshwa na lenzi ya milimita 450. Waliopiga picha za wanyama walifurahi. Waliopiga picha za vikundi katika vyumba vyembamba waliumia.

Ili kuwatuliza hao wa pili, mwaka 2003 Nikon na Canon zilileta lenzi zilizoundwa mahsusi kwa kihisi kidogo. Duara lake la mwanga lilitosha mshazari wa milimita 28 hivi, badala ya milimita 43 za fremu kamili. Zilikuwa nyepesi na nafuu. Lenzi ya Canon ya milimita 18 hadi 55, iliyouzwa pamoja na kamera ya EOS 300D, ilisogeza sehemu yake ya nyuma ndani zaidi ya mwili wa kamera. Canon ilipotoa EOS 5D ya fremu kamili mwaka 2005, lenzi hiyo haikuweza kufungwa humo, kwa kuwa kioo cha kuakisi cha kamera hiyo ni kikubwa na kingeigonga. Nikon ilichagua njia tofauti: D3 ya mwaka 2007 ilizipokea lenzi ndogo na kujikatia yenyewe sehemu ya katikati ya kihisi. Kwa hiyo, kwa muda wa zaidi ya muongo mmoja, mwenye Canon aliyepanda daraja alilazimika kuachana na lenzi zake ndogo, ilhali mwenye Nikon hakulazimika.

4.0 Kuondolewa kwa Kioo

Sony ilitoa kamera ya A7 mwaka 2013, na mwaka 2018 Nikon na Canon zikafuata kwa Z na EOS R. Kamera hizi hazina kioo cha kuakisi. Mpiga picha hutazama kile ambacho kihisi chenyewe kinakiona. Kukosekana kwa kioo kuliruhusu lenzi kusogea karibu na kihisi. Katika Nikon umbali kati ya kiungio na kihisi ulishuka kutoka milimita 46.5 hadi 16, na katika Canon kutoka 44 hadi 20. Nafasi iliyobaki ndiyo inayojazwa na adapta, yaani pete yenye uwazi katikati, isiyo na kioo chochote ndani, inayoirudisha lenzi ya zamani kwenye umbali wake wa asili. Kwa kuwa haina kioo, haipunguzi ubora wa mwanga unaopita.

Kwa njia hii lenzi za Canon zilizokataliwa mwaka 2005 zilipokelewa mwaka 2018. Huo ni mgeuko wa pili: lenzi ndogo juu ya kihisi kikubwa. Lakini kupokelewa kuna masharti. Canon na Nikon hukata picha zenyewe mara zinapoitambua lenzi ndogo, na mpiga picha hawezi kuzikataza. Sony humwachia mtumiaji hiari, na akiuzima ukataji huo huona pembe za giza. Aidha, adapta ya kwanza ya Nikon haina mota ya kulenga. Lenzi za zamani zisizo na mota yake yenyewe hulengwa kwa mkono.

Gharama halisi ni ya eneo. Kihisi kidogo ni asilimia 42 hivi ya fremu kamili, na kile cha Canon ni asilimia 38. Kwa hiyo EOS R yenye megapikseli 30.3 hutoa 11.6 tu kwa lenzi ndogo. Nikon Z6 yenye 24.5 hubaki na 10 na kitu, ilhali Z7 yenye 45.7 hubaki na 19.5. Mwanga unaokusanywa hupungua kwa uwiano huohuo, hivyo chengachenga za gizani hulingana na zile za kamera ndogo ya kizazi kilekile. Anayenunua fremu kamili kwa ajili ya ibada za jioni katika kanisa lenye mwanga hafifu, kisha akafunga lenzi ndogo, amenunua kitu ambacho bado hajakitumia.

5.0 Matumizi katika Same na Upare

Je, hasara hiyo ina uzito gani? Inategemea kazi, nazo ni tatu zilizo wazi.

Ya kwanza ni sherehe. Megapikseli 10 zinatosha kuchapisha ukurasa wa A4 kwa pikseli 300 kwa inchi. Kwa albamu ya harusi ya Same lenzi ndogo haina aibu, na kwa video hasara huwa ndogo zaidi, kwani baadhi ya kamera, ikiwamo EOS R, hurekodi video ya 4K kwa sehemu ya katikati ya kihisi hata kwa lenzi kubwa.

Ya pili ni viumbe. Msitu wa Chome, wenye kilele cha Shengena cha mita 2,462, ni makazi ya kinengenenge wa Upare Kusini, ndege mdogo mwenye duara jeupe kuzunguka jicho, asiyepatikana penginepo duniani. Chini upande wa mashariki liko Mkomazi, lililokuwa pori la akiba tangu mwaka 1951 na sasa ni hifadhi ya taifa, lenye mbwamwitu na faru weusi. Hapa kupanda daraja kwaweza kuwa kushuka. Kamera ya kihisi kidogo yenye megapikseli 24 humweka ndege yule juu ya pikseli zote 24; lenzi ileile juu ya EOS R humwekea 11.6. Anayepiga picha za ndege wa mbali kwa lenzi ndogo asiuze kamera ya zamani.

Ya tatu ni mandhari, na ndiyo inayomhusu mwanahistoria moja kwa moja. Njia mojawapo ya kusoma mabadiliko ya ardhi ni kurudi mahali ilipopigwa picha ya kale na kuipiga upya. Katika Upare mengi yanaweza kusomwa hivyo: mipaka ya misitu, mifereji, ndiva za kuhifadhia maji ya umwagiliaji, mashamba ya mkonge ya tambarare ya Makanya, na tangawizi inayolimwa Mamba Miamba. Mpangilio wa vitu katika picha, mlima gani unafunikwa na upi, huamuliwa na mahali aliposimama mpiga picha, wala hauamuliwi na lenzi. Lenzi huamua tu ni kiasi gani cha mandhari kinaingia.

Tuchukue mfano wa sahani ya sentimita 9 kwa 12 iliyopigwa kwa mlalo na lenzi ya milimita 135, ambayo ilikuwa ya kawaida kwa kipimo hicho. Ili kupata kimo kilekile cha mandhari, kamera ya fremu kamili inahitaji lenzi ya milimita 36. Kihisi kidogo kinahitaji milimita 23 hivi. Lenzi ya zamani ya milimita 18 hadi 55, ile inayodharauliwa kuliko zote, inaufikia urefu huo, iwe juu ya kamera yake ya awali au kwa adapta juu ya kamera mpya. Upana utazidi kidogo wa sahani ya kale, na ziada hiyo inaweza kukatwa baadaye. Kazi ya kitaaluma ya kuirudia picha ya mmisionari haingoji lenzi ya mamilioni.

Sharti lake ni kumbukumbu. Faili la dijitali hubeba jina la lenzi, urefu wa fokasi na tarehe, mambo ambayo mara nyingi hayakuandikwa kwenye sahani za kale. Lakini picha inapotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa, na taarifa hizo hufutwa. Picha iliyokatwa na kamera, kisha ikapoteza maelezo yake, humwachia msomi wa kesho mstatili usio na kipimo. Atakuwa katika hali ileile ya anayetazama leo sahani ya mwaka 1910 bila maelezo, ingawa safari hii taarifa zilikuwapo zikatupwa.

6.0 Hitimisho

Wahenga walionya: usiache mbachao kwa msala upitao. Historia iliyoelezwa hapa inaipa methali hiyo maana pana. Kila kipimo kilichoitwa kamili kilikuwa kidogo mbele ya kilichokitangulia, na lenzi zimekuwa zikivuka kutoka kipimo kimoja hadi kingine kwa kulipa ushuru wa pembe zake. Mpiga picha wa Same anaweza kuanza na lenzi alizo nazo kwa sherehe na mandhari, akaibakiza kamera ya zamani kwa viumbe wa mbali, na akanunua kwanza lenzi moja kubwa kwa kazi za gizani. Inapendekezwa pia kwamba wapiga picha, shule na makanisa ya wilaya wahifadhi mafaili ya asili yasiyopunguzwa, pamoja na jina la mahali aliposimama mpiga picha. Kwa mafaili hayo, atakayesimama Shengena au Shigatini miaka 50 ijayo ataweza kupima nini kimebadilika mlimani, na nini kilikatwa na lenzi tu.